Turbo Inayokula Oili: Kulinganisha Washukiwa na Njia za Matengenezo

Turbo inayofunguliwa ikiwa imelowa oili huhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Fundi huona unyevu kwenye mdomo wa kompresa, yaani upande wa turbo unaosukuma hewa kwenye injini, mwenye gari huona moshi wa buluu kwenye kioo cha nyuma, na wote wawili hukubaliana kwamba sili zimekwisha na turbo nyingine iagizwe. Hukumu hiyo mara nyingi ni ya haraka mno. Katika magari ya kasi, ambayo msukumo wa hewa umepandishwa kupita ule wa kiwandani na mabomba yamepita katika mikono mingi, turbo huwa ni mahali ambapo kosa la sehemu nyingine linajitokeza. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu hauanzi na turbo ipi inunuliwe. Unaanza na swali la nani hasa anayemwaga oili, kisha unapima njia za kurekebisha kulingana na jibu, kwa kuwa njia iliyo bora kwa tatizo moja ni hasara tupu kwa jingine.

Sili ambayo si sili

Ndani ya turbo za kawaida za leo hakuna sili ya mpira kama ile inayokaa mwishoni mwa kranki. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika turbo ndogo huvuka 200,000, huku gesi za ekzosi za injini ya petroli iliyo chini ya mzigo zikiweza kufikia nyuzi 950 hadi 1,050 za Selsiasi. Mpira haungedumu hapo. Kilichopo ni ringi nyembamba za chuma, zinazofanana na ringi za pistoni, zilizokaa katika mifereji upande wa turbini, ule unaozungushwa na gesi za ekzosi, na upande wa kompresa, na kazi yake kubwa ni kuzuia gesi zisiingie kwa wingi katika nyumba ya beringi. Oili yenyewe huzuiwa zaidi na mambo mawili: shinikizo la gesi lililo nje ya ringi, ambalo kwa kawaida huwa kubwa kuliko lile la ndani ya nyumba ya beringi, na wepesi wa oili kudondoka kurudi kwenye sampu, karai la oili lililo chini ya injini, kabla haijapanda hadi usawa wa ringi. Jambo moja kati ya hayo likiharibika, oili itapita hata kama turbo imetoka kiwandani jana.

Kutokana na hilo, matatizo ya oili kwenye turbo hugawanyika katika makundi matatu, nayo hayafanani kwa dalili wala kwa tiba: oili isiyoondoka, oili isiyofika, na oili iliyofika ikiwa imeharibika. Kundi la kwanza hutoa moshi na kuacha beringi zikiwa nzima. Kundi la pili huharibu beringi na huenda lisitoe moshi wowote hadi siku ya mwisho. Kundi la tatu huanza kimya kama la pili, kisha hugeuka kuwa la kwanza pale ukoko unapoziba njia ya kurudi.

Injini au turbo?

Kabla ya kufika kwenye makundi hayo, injini yenyewe iondolewe katika orodha ya washukiwa. Wakati ambao moshi hutokea husaidia, lakini kwa kiasi. Wingu dogo linaloonekana injini inapowashwa baada ya kulala usiku kucha, kisha likatoweka, huelekeza kwenye sili za valvu, isipokuwa katika injini ambazo turbo imefungwa chini sana, ambako oili iliyobaki katika nyumba ya beringi inaweza kufanya vivyo hivyo. Moshi unaotokea unapokanyaga tena baada ya kushuka mteremko ukiwa umeachia kanyagio huelekeza kwenye valvu au ringi za pistoni, kwa sababu mvuto mkali uliokuwa katika manifoldi ya hewa ulinyonya oili kupitia huko. Moshi unaojikusanya injini ikiunguruma bila mzigo kwa dakika kadhaa, kisha ukatoka kwa wingi unapoondoka, ndio unaoifanya turbo ishukiwe kwa haki, kwa kuwa katika hali hiyo shinikizo la gesi linaloisaidia ringi kuizuia oili liko chini kabisa.

Moshi, hata hivyo, ni shahidi anayebabaika, nami nisingeagiza kifaa chochote kwa ushahidi wake peke yake. Kufungua mabomba kunaeleza zaidi. Bomba la ekzosi lililo baada ya turbo na manifoldi iliyo kabla yake vikikaguliwa kwa pamoja, jibu huwa wazi kiasi cha kushangaza: oili mbichi ikiwa kwenye manifoldi, imetoka kwenye silinda na turbo haina hatia, manifoldi ikiwa kavu huku mdomo wa kutokea wa turbini umelowa, oili imevuka ringi ya turbo. Upande wa hewa baridi kanuni ni hiyohiyo. Bomba linaloingia kwenye kompresa likiwa limelowa, oili imeletwa na mfumo wa pumzi ya injini, ule unaorudisha gesi za ndani ya injini kwenye njia ya hewa. Bomba la kuingilia likiwa kavu na la kutokea limelowa, turbo ina la kujibu. Tahadhari moja tu: utando mwembamba wa oili ndani ya intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, ni jambo la kawaida katika gari lililotembea, na hauhesabiki kuwa uvujaji hadi oili itakapokusanyika chini kama dimbwi.

Upo pia uchaguzi kati ya vipimo viwili vya silinda. Kipimo cha kompresheni ni cha haraka na vifaa vyake vinapatikana kila gereji, lakini katika shauri hili kinaweza kudanganya, kwa sababu silinda yenye oili nyingi huzibwa na oili hiyohiyo na kutoa namba nzuri. Kipimo cha uvujaji, ambacho hewa yenye shinikizo linalojulikana huingizwa kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa juu kabisa, huchukua muda mrefu zaidi lakini husema hewa inapotelea wapi. Mlio ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zinapitisha gesi, na gesi hizo ndizo zitakazoisumbua turbo. Mwenye nafasi ya kufanya kipimo kimoja tu achague hiki cha pili.

Oili isiyoondoka

Mabaharia husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Oili nayo, hata ipande hadi juu ya kichwa cha injini, marejeo yake ni sampu, na safari ya kurudi ndiyo inayosahauliwa. Oili huingia kwenye turbo kwa shinikizo la pampu kupitia bomba jembamba, lakini hutoka bila kusukumwa na chochote, ikiwa imechanganyika na hewa hadi kuwa povu, nayo hutegemea uzito wake tu. Ndiyo sababu bomba la kurudishia huwa nene mara kadhaa kuliko la kuingizia. Garrett, ambao ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa turbo, hushauri kipenyo cha ndani kisichopungua takriban nusu inchi, na mdomo wa kutokea oili usiegemee zaidi ya nyuzi 35 kutoka mstari wa wima. Bomba hilo linapaswa pia kuingia kwenye sampu juu ya usawa wa oili, tena mahali ambapo oili inayorushwa na kranki haitakuwa ikiligonga.

Makosa ya hapa ni madogo kwa macho na makubwa kwa matokeo. Mpira unaopinda vikali ili kuukwepa mkono wa injini, kiungo chenye tundu finyu kuliko bomba lenyewe, gaskiti iliyokatwa kwa mkono ikaachwa na ulimi unaoziba robo ya njia, au sampu iliyojazwa kupita alama ya juu ya kijiti, kila kimoja kinatosha kuirudisha oili hadi kwenye ringi. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga viini viwili (kiini ni sehemu ya katikati ya turbo, yenye shafti na beringi) kwenye turbo moja, kimoja baada ya kingine, nikimlaumu muuzaji kwa ubovu wa bidhaa, hadi nilipoitoa gaskiti ya bomba la kurudishia na kukuta matundu yake ya boliti yalilingana lakini tundu la katikati halikulingana. Kiini cha kwanza, kilipopimwa baadaye, hakikuwa na kasoro yoyote.

Kwa turbo iliyofungwa chini kiasi kwamba oili haiwezi kudondoka, uchaguzi ni kati ya kuihamisha turbo na kufunga pampu ya kunyonya. Pampu si jambo la ajabu: Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975, ambayo injini yake yenye silinda za kulala huiacha turbo ikiwa chini, ilitumia pampu iliyoendeshwa na shafti ya kamu ili kuirudisha oili. Pampu ya aina hiyo, inayozungushwa na injini yenyewe, hufanya kazi wakati wowote injini inapozunguka. Pampu ya umeme, ambayo ndiyo inayowekwa zaidi katika magari yaliyogeuzwa, ni rahisi kufunga popote, lakini inapaswa kustahimili oili ya moto iliyojaa povu, huhitaji chombo kidogo cha kukusanyia oili chini ya turbo, na siku itakapokufa itaizamisha turbo ndani ya muda mfupi. Anayeichagua aiwekee taa ya onyo kwenye dashibodi. Pale ambapo uzito wa oili unaweza kufanya kazi hiyo, hata kama ni kwa kutengeneza manifoldi upya ili turbo ipande sentimita kumi, ningeuchagua uzito kila mara, kwa kuwa hauna waya, fyuzi wala mota.

Bomba likiwa sawa na tatizo likabaki, shinikizo la tumbo la injini, yaani nafasi inayoizunguka kranki, ndilo linalofuata. Gesi zinazopenya ringi za pistoni huongezeka kadiri msukumo unavyopandishwa, na zisipopata pa kutokea hulijaza tumbo la injini na kuizuia oili ya turbo isishuke, kwa maana bomba la kurudishia linamwagia katika nafasi hiyohiyo. Injini ikiwa katika mzunguko wa chini, mrija wenye umbo la U uliotiwa maji na kuunganishwa kwenye tundu la kijiti cha oili huonyesha hali hiyo kwa urahisi: mfumo ulio salama huyasogeza maji kidogo tu, mara nyingi kwa kuyavuta upande wa injini, ilhali mfumo ulioziba huyasukuma nje. Chini ya mzigo mrija huo haufai, na ni bora kufunga kihisio cha shinikizo kinachorekodi wakati gari likiendeshwa.

Tiba zinazoshindaniwa ni tatu. Kuutunza mfumo wa pumzi wa kiwandani, kwa kubadilisha valvu yake na mipira iliyolainika, kunatosha kwa gari ambalo nguvu zake hazijaongezwa sana. Kopo la kunasia oili lililounganishwa tena na njia ya hewa huhifadhi mvuto unaosaidia kuondoa gesi, na huzuia oili isiifikie intakula, mradi litolewe uchafu mara kwa mara. Kopo lililoachwa wazi kwa hewa ya nje hupitisha gesi nyingi kuliko mengine yote na hupendwa katika magari ya mashindano, lakini halina mvuto wowote, hutoa harufu, na sehemu nyingi haliruhusiwi kisheria kwa gari la barabarani. Kosa ninaloliona zaidi ni kununua kopo kubwa la kung'aa, kisha kuliunganisha kwa mipira myembamba kuliko ile iliyoondolewa. Ukubwa wa kopo hausaidii iwapo koo lake ni finyu.

Mambo mawili yanafaa kutajwa kwa kupita. Chujio la hewa lililoziba huifanya kompresa ivute kwa nguvu hadi inyonye oili kupitia ringi, na kataliti, kisafishio cha gesi za ekzosi, ikiziba huvuruga shinikizo la upande wa turbini. Yote mawili hukaguliwa kwa dakika chache na hupaswa kuja kabla ya spana yoyote kugusa turbo.

Oili isiyofika

Huku dalili ni tofauti kabisa. Shafti iliyokosa oili hugeuka rangi kuwa ya buluu au zambarau karibu na beringi, beringi huwa na mikwaruzo ya mviringo, na mapanga ya kompresa huanza kuikwangua nyumba yake. Mchezo wa shafti unahitaji kusomwa kwa uangalifu: shafti inayocheza kidogo kushoto na kulia ikiwa kavu ni ya kawaida katika turbo yenye beringi za kuelea, yaani bushi zinazoelea juu ya oili, kwa kuwa nafasi hiyo hujazwa na oili ikifanya kazi, lakini mchezo wa mbele na nyuma hupimwa katika sehemu za mia za milimita kwa saa ya kupimia, na ukihisika wazi kwa vidole beringi ya kusukumia imekwisha.

Katika injini kadhaa kizuizi kimejengwa ndani ya njia. Injini za Subaru za familia ya EJ zenye turbo zina boliti ya bomba la kuingizia yenye kichujio kidogo cha wavu ndani yake, na wavu huo ukijaa uchafu huinyima turbo oili. Injini ya dizeli ya 1.6 HDi ya kundi la Peugeot na Citroën inajulikana kwa mkasa wa namna hiyo, na Audi V8 ya 4.0 TFSI nayo ina kichujio cha turbo kilichowahi kuleta shida ileile. Wamiliki hubishana kama wavu uondolewe au uachwe. Kuuondoa kunaondoa hatari ya kuziba, lakini kunaacha punje yoyote iliyovuka chujio kuu iende moja kwa moja kwenye beringi. Kuuacha kunailinda beringi, lakini kunadai ukaguzi ambao ni wachache wanaoukumbuka. Kwangu mimi, gari linalobadilishwa oili kwa wakati na ambalo wavu wake hukaguliwa kila mwaka libaki nao. Gari lililonunuliwa likiwa na historia isiyoeleweka lifunguliwe sampu kwanza, lisafishwe tope la oili, wavu ubadilishwe, na mjadala uahirishwe hadi injini itakapokuwa safi. Kuuondoa wavu kwenye injini iliyojaa tope ni kulisogeza tope hatua moja karibu na beringi.

Chanzo cha oili nacho kina pande mbili. Bomba linalochukua oili kwenye kichwa cha injini hupata shinikizo la chini zaidi, na kwa kawaida ni fupi. Lile linalochukua karibu na chujio la oili hupata shinikizo kubwa zaidi, na mapema zaidi baada ya kuwasha. Wajenzi wa injini ya Mitsubishi 4G63 wamelibishania jambo hili kwa miaka mingi, na jibu linategemea aina ya beringi kuliko kitu kingine chochote.

Kosa moja linastahili kukemewa. Fundi aliyeshindwa kuuondoa moshi hufunga kibanio, yaani kipande chenye tundu dogo la kupunguza oili, kwenye bomba la kuingizia la turbo yenye beringi za kuelea, moshi hupungua, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Kilichofanyika ni kupunguza oili hadi ilingane na njia mbovu ya kurudi, na beringi ndizo zitakazolipa. Ubaya wa aina hiyo hufanywa pia na gundi ya gaskiti inayopakwa kwenye mdomo wa kuingizia oili: kipande kikimeguka ndani, hakina pengine pa kwenda ila kwenye tundu la beringi. Sehemu hiyo hutumia gaskiti kavu tu.

Beringi za kuelea au za gololi

Kwa kuwa wengi hufikiria kubadili aina ya turbo wakati huuhuu wa matengenezo, tofauti kati ya beringi hizi mbili inapaswa kueleweka kwa upande wa oili na si wa kasi peke yake. Beringi ya kuelea ni bushi ya shaba nyeusi inayoelea kati ya tabaka mbili za oili, moja ndani na moja nje. Haigusi chuma kingine ikiwa kazini, inahitaji oili kwa wingi, haihitaji kibanio katika hali nyingi, na ikichakaa hubadilishwa peke yake. Mzigo wa mbele na nyuma hubebwa na beringi ya kusukumia iliyo tofauti, ambayo ndiyo dhaifu zaidi msukumo unapopandishwa. Wapenzi wa ule mlio wa kompresa unaotetereka mguu unapoachia kanyagio wajue kwamba kila mlio ni hewa inayorudi nyuma na kuipiga beringi hiyo. Beringi ya kusukumia ya duara kamili la nyuzi 360 hustahimili zaidi kuliko ile iliyokatwa ya nyuzi 270, na anayekarabati turbo ya injini iliyoongezewa nguvu hana sababu ya kurudisha ile dhaifu.

Beringi ya gololi hubeba mizigo ya pande zote yenyewe na huifanya turbo iamke mapema. Inahitaji oili kidogo zaidi, na oili ikizidi huleta moshi kwa sababu hakuna pa kuipeleka. Garrett hutaja shinikizo la takriban baa 3 kwenye mdomo wa turbo injini ikiwa katika mzunguko wake wa juu, na kibanio chenye tundu lisilopungua karibu milimita 1. Tundu dogo namna hiyo halisamehe uchafu. Beringi zenyewe kwa kawaida hubadilishwa kama kipande kizima, kwa gharama inayokaribia ya turbo, na kuifunga turbo ya aina hiyo bila mabomba ya maji ni kuipika. Kwa gari la kila siku lenye nguvu za wastani, hasa ambalo matengenezo yake hayafuatwi kwa ukali, beringi ya kuelea ndiyo ningeichagua. Beringi ya gololi inampendeza anayelijali chujio lake na anayezihitaji sekunde anazozipata katika kila kona ya uwanja wa mbio.

Oili iliyoharibika

Ukoko hutokea hasa injini inapozimwa ikiwa moto. Oili husimama, joto la turbini huhamia kwenye nyumba ya beringi, na kilichokuwa oili hubaki kuwa kaboni ngumu. Kifaa cha kuchelewesha kuzimika kwa injini kilikuwa na maana katika turbo zilizopozwa kwa oili peke yake. Katika turbo zenye maji, ambayo huendelea kuzunguka yenyewe kwa tofauti ya joto au kwa pampu ya umeme, dakika mbili za kuendesha taratibu kabla ya kufika hufanya kazi hiyohiyo bila waya wowote.

Kuhusu uzito wa oili, namba inayofaa kutazamwa ni mnato katika joto la nyuzi 150 na chini ya msukosuko mkali, kwa kuwa hali hiyo ndiyo inayofanana na ya ndani ya beringi. Kiwango cha SAE kinadai usipungue 2.9 kwa oili za daraja la 30, 3.5 kwa 5W-40, na 3.7 kwa 10W-60, kwa kipimo cha milipaskali-sekunde. Kutoka 5W-30 kwenda 5W-40 ni hatua ya maana kwa gari linalopelekwa uwanjani, hasa injini zenye kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo oili yake huchanganyika na petroli na kuwa nyepesi. Kuruka hadi 10W-60 kwa matumaini ya kuuzuia moshi ni kosa, kwani oili nzito huchelewa kufika ikiwa baridi, na ikishafika huchelewa pia kurudi.

Injini hizo za kupuliza moja kwa moja zina hatari nyingine. Matone ya oili katika silinda yanaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati katika mzunguko wa chini, tukio linaloweza kuvunja pistoni. Kiwango cha API SP, kilichoanza kutumika mwaka 2020, kina kipimo cha jambo hilo, na oili zenye viambato vingi vya kalsiamu ndizo zinazolichochea. Baadhi ya oili za mashindano hazikupitishwa katika kipimo hicho, kwa hiyo neno mashindano kwenye chupa si sababu ya kuichagua. Ikumbukwe pia kwamba oili inayovuja kupitia kompresa hushusha uwezo wa petroli kustahimili kugonga, yaani kulipuka ovyo ndani ya silinda, hivyo katika injini iliyopangiwa cheche karibu na mpaka, uvujaji ambao katika gari la kawaida ungekuwa kero ya moshi huweza kuwa mwisho wa pistoni.

Kiini, ukarabati au turbo mpya

Ikithibitika kwamba turbo yenyewe imeharibika, njia tatu hubaki. Kubadilisha kiini, ambacho wauzaji wengi hukiita katriji, ni njia ya haraka inayofaa pale nyumba za kompresa na turbini zikiwa hazijakwanguliwa wala kupasuka; ubora wake wote umo katika usawazishaji, hivyo kiini kisicho na karatasi ya kipimo cha usawazishaji kisiingie kwenye injini inayozungushwa sana. Kukarabati kwa kununua beringi na ringi peke yake huonekana rahisi zaidi, na kwa turbo kubwa yenye beringi za kuelea inaweza kuwa njia nzuri, lakini tu ikiwa yupo mtu mwenye mashine ya kusawazisha. Alama za kalamu zilizowekwa kwenye nati na mapanga kabla ya kufungua hurudisha mpangilio wa awali, ila haziwezi kurekebisha shafti iliyopinda. Turbo mpya hushinda pale panga lilipovunjika, kwa kuwa vipande vyake huenda vimo katika intakula au kataliti, na pale nyumba ya turbini ilipopasuka hadi kwenye ulimi wake wa ndani. Panga la kompresa likivunjika, intakula isafishwe kwa ukali au ibadilishwe. Ningeshauri zaidi kubadilishwa, kwa sababu vichembe vya alumini vilivyonasa kati ya mapezi yake havitoki vyote.

Yoyote itakayochaguliwa, bomba la kuingizia oili liwe jipya, kwa maana ukoko uliomo ndani ya la zamani hauondoki kwa kupuliza hewa. Oili na chujio vibadilishwe kabla ya turbo kufungwa, kisha oili safi imiminwe kwenye mdomo wa turbo huku shafti ikizungushwa kwa mkono, na injini izungushwe kwa stata petroli ikiwa imekatwa hadi oili ionekane ikitoka kwenye bomba la kurudishia lililoachwa wazi juu ya chombo. Bomba lifungwe, injini iwashwe na kuachwa katika mzunguko wa chini kwa dakika kadhaa bila kukanyagwa. Gari likienda kilomita mia chache, chujio la oili lifunguliwe kwa kukatwa na karatasi yake ikunjuliwe chini ya taa: vichembe vya rangi ya shaba vinaelekeza kwenye beringi za turbo au bushi za injini, vile vinavyovutwa na sumaku vinaelekeza kwenye shafti na kuta za silinda, na karatasi iliyo safi inaruhusu msukumo urudishwe pale ulipokuwa.